Mayai ya Herufi R

Nimewasamehe watu wengi katika maisha yangu, na yeye hayumo. Nasema mapema ili msomaji asije akanisubiri nilainike mwishoni. Mchungaji wetu amenikalisha mara mbili juu ya jambo hili, akanisomea Maandiko, tukanywa chai, nikarudi nyumbani na hasira yangu yote.

Nilikuwa fundi wa maabara katika chuo kimoja upande wa Meru, kwenye jengo fupi nyuma ya maktaba, na kazi yangu ilikuwa vyura. Si wale wa kupiga kelele shambani mvua ikinyesha. Hawa ni wa majini, wapana, watelezi, hawana ulimi, na miguu yao ya nyuma ina kucha nyeusi. Niliwaweka kwenye matangi yenye vifuniko vizito kwa sababu wanaruka. Niliwalisha maini ya ng'ombe niliyoyakatakata, nikawabadilishia maji yaliyolala siku mbili kwenye ndoo ili dawa ya bomba iishe nguvu. Mwenye bucha aliponiuliza maini yote yale ni ya nini, nilimwambia nina wageni.

Tulichotaka kwao ni mayai. Unamlaza chura jike kwa dawa iliyotiwa majini, ukiona ukimgeuza chali hajipindui unampasua tumboni kidogo, pa kupita ncha ya kidole. Unatoa kifuko cha mayai, unamshona, na baada ya siku chache anadai maini yake kama kawaida. Yai ni dogo kama punje ya wimbi, nusu yake kahawia iliyokolea na nusu ya pili rangi ya dang'a, yale maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Punje hiyo nzima ni seli moja. Seli zako na zangu huzioni bila darubini, lakini hii unaishika kwa koleo na kuidunga sindano. Ukiidunga ujumbe ulioandikwa kwa kemia, yai linausoma kwa siku mbili tatu na kujenga kwenye utando wake kile ulichoagiza, iwe mlango wa kupitisha chumvi au kipokezi cha kusikia dawa fulani. Halijali ujumbe umetoka kwenye ubongo wa panya au wa mtu.

Kisha unaliweka kwenye kijibakuli cha maji ya chumvi na kulishushia sindano mbili za kioo, zenye ncha usiyoweza kuiona. Moja inapima volti kati ya ndani na nje ya utando, nyingine inasukuma umeme ili volti hiyo isiyumbe. Unamimina dawa. Kama kuna kipokezi kilichoisikia, habari inapokezanwa mpaka milango ya utando ifunguke, chumvi zipite na umeme wake, na mstari kwenye skrini uinuke au uzame. Mara ya kwanza nilipouona ukitembea nilisimama. Nilikuwa peke yangu chumbani, nimekaa kwenye stuli tangu asubuhi, na nikasimama kama watu wanavyosimama Injili ikisomwa.

Aliyenifundisha kazi hii alikuwa mzee wa Tigania, kwao karibu na Mikinduri, aliyeishika koleo kabla mimi sijaanza shule. Mimi ni wa Mbeere, kule chini kwenye ukame, na kwetu maji huitwa manji. Siku yangu ya kwanza nilimwuliza manji ya kuwabadilishia vyura yako wapi. Akasema chuo hiki hakina kitu hicho, hapa kuna ruuji. Alinichezea mzaha huo wiki nzima, nikitaka hata ya kunywa sharti niseme ruuji kwanza ndipo anionyeshe bomba. Nilikuwa mtu aliyekulia kwenye njia ya mtoni na mtungi mgongoni, na leo nafundishwa jina la maji. Lakini alikuwa mwalimu mzuri na nilimpenda.

Katika daftari alikuwa na herufi zake. Mayai yaliyodungwa ujumbe aliyaandikia U. Mayai yaliyodungwa maji matupu, ya kulinganishia, aliyaandikia R, yaani ruuji. Alinieleza kwamba yai la maji ndilo shahidi asiyekula rushwa: likijibu dawa na lenyewe halikupewa chochote, basi ule ujumbe wako usijisifu. Alipostaafu nilirithi koleo, mkasi na herufi. Sikuona sababu ya kuzibadilisha, kwa kuwa daftari lilikuwa langu na msomaji wake nilikuwa mimi.

Halafu akaja yeye, nitamwita Dokta kama nilivyomwita miaka yote. Alikuwa mtu wa Runyenjes, kwenye chai na kahawa, na Kiembu chake na Kimbeere changu ni lugha za jirani, hata maji tunayaita sawa. Aligundua hilo siku ya kwanza. Akanisalimia kwa lugha ya nyumbani, akasema huku ugenini sisi wa huko chini tushikane mikono. Nikamwamini. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliivaa mwenyewe.

Mbele ya watu aliniita anti. Walimu wanawake aliwaita madam, hata wale wadogo kwangu. Anti ni jina tunalompa msichana wa kazi za nyumbani, yule anayelala chumba cha nyuma na kuamka kabla ya wenye nyumba. "Huyu ni anti wa vyura," aliwaambia wageni, na wageni wakanipungia mkono kutoka mlangoni bila kuingia. Niliona, nikameza, kwa sababu alikuwa ameniahidi kitu.

Alikuwa ameniahidi shahada ya uzamili. Nilikuwa nimesoma shahada ya kwanza kwa Jumamosi na likizo, miaka saba, na nikaishia pale pale kwenye maini. Dokta alisema ana mradi wa miraa, kutafuta ni kipokezi kipi katika utando wa seli kinachoisikia. Mimi ningerekodi na kuchambua, ingekuwa tasnifu yangu, yeye angekuwa msimamizi tu. Na makala ikitoka, jina langu lingekuwa la kwanza. Nililitaka jina hilo. Sitajifanya nilitaka maendeleo ya sayansi. Nilitaka karatasi iliyochapishwa, jina langu likiwa mbele ya majina ya watu wenye ofisi, niipeleke Mbeere nimwekee mama magotini ingawa hajui kusoma.

Basi nikafanya kazi. Miraa ililetwa kutoka Kangeta ikiwa ingali imefungwa kwenye majani ya mgomba, nikaiosha, nikaisaga, nikaichuja mpaka ikawa maji ya kijani hafifu. Nikadunga mayai ujumbe wa kipokezi alichokitaka Dokta, nikadunga mengine maji, nikasubiri siku tatu, nikaanza kupima.

Hapa nieleze jambo moja la kazi, kwa kuwa kisa chote kimesimama juu yake. Yai la chura hutoka tumboni likiwa limevaa koti la seli ndogo sana, limelizunguka lote na kushikana nalo kwa vijitundu vya kupitishana chumvi na habari. Kulivua koti hilo unahitaji kimeng'enya, unga wa kuwekwa kwenye friji, wa bei mbaya. Mzee wa Tigania alikuwa bahili na unga ule. Mayai ya U aliyavua, ya R akayaacha na koti, eti maji hayana haja ya kuvaliwa vizuri wala kuvuliwa. Mimi nikafuata mkono wake bila kufikiri.

Nilipomimina miraa, mayai ya U yalinyamaza. Yale niliyoyapa kipokezi, yaliyotakiwa kusikia, mstari ulilala tu. Ya R, ya maji matupu, yakajibu. Mkondo uliinuka taratibu, ukatulia juu, na nilipoyasuuza ukashuka. Nilidhani nimechanganya vibakuli. Nikarudia kwa chura wa pili, wa tatu, wa nne. Ujumbe uliendelea kunyamaza na maji yakaendelea kusema. Nikaandika yote katika daftari kubwa, U na R, tarehe na chura.

Nililala na jambo hilo kichwani siku kadhaa kabla sijakumbuka koti. Nikavua mayai ya R pia, nikamimina miraa, kimya. Nikaacha mengine na koti, yakajibu. Kumbe lililosikia ni koti. Zile seli ndogo zilikuwa na masikio yao ya kuzaliwa, hakuna aliyezipa, zikisikia miraa zinalipasha yai habari kupitia vile vijitundu, na mkondo unapita. Kipokezi cha Dokta hakikuwa na habari yoyote na miraa. Sikio lilikuwepo tangu mwanzo na sisi tulikuwa tunalivua na kulimwaga.

Majaribio hayo ya koti niliyafanya Jumamosi, na niliyaandika katika daftari la pili, dogo, nililokuja nalo na kuondoka nalo. Nilitaka nimshangaze Dokta na sura nzima ya tasnifu. Nilikuwa sijamwambia neno mama alipoanguka akavunjika nyonga, nikaomba ruhusa, nikashuka Mbeere wiki tatu kumgeuza kitandani.

Niliporudi, daftari kubwa halikuwamo kwenye droo. Nilitafuta mpaka nyuma ya matangi. Nilipomwuliza Dokta, alisema labda panya, au msafishaji, siku hizi watu wanawashia jiko chochote. Akanipa pole kwa ajili ya mama.

Wiki mbili baadaye aliniita ofisini. Mezani alikuwa ametandaza bango kubwa lililochapwa kwa majaribio, la kuonyesha kwenye kongamano litakalofanyika hapo chuoni. Alitaka niliangalie kabla halijachapwa rasmi. "Macho yako ni makali, anti," akasema. "Niangalizie koma na spelling."

Niliangalia. Juu kabisa lilikuwa jina lake, na baada yake jina la mwenzake mmoja ambaye sikuwahi kumwona akiinua kifuniko cha tangi. Chini ya majina, michoro yangu, yote. Niliijua ile mistari mmoja mmoja. Ule wa kushoto ulikuwa na kijipengo mahali mtu alipobamiza mlango wa nje nikashtuka nikagusa meza. Chini kwenye kona, kwa herufi ndogo, kulikuwa na shukrani kwa mtunzaji wa vyura. Hata jina sikupewa. Panya wa Dokta alikuwa panya msomi.

Nilikuwa nimefungua mdomo nimwambie nilichokiona ndipo nikasoma ufunguo wa michoro. R, liliandika bango, ni mayai yaliyopewa kipokezi. U ni mayai ambayo hayakudungwa chochote.

Ilinichukua muda kuelewa. Kwa Kiingereza, neno la kipokezi huanza na R, na neno la kisichodungwa huanza na U. Alikuwa amesoma herufi za mzee wa Tigania kwa Kiingereza. Maji akayafanya kipokezi, kipokezi akakifanya si kitu, na ilipogeuzwa hivyo hesabu ikakaa vizuri kuliko alivyoomba: chenye kipokezi kinajibu, kisicho nacho kinanyamaza. Mtu yeyote wa Meru, hata wa kufagia, angeliona neno ruuji kwenye herufi ile na kuuliza. Dokta ni wa manji kama mimi. Na kuuliza hakuweza, kwa sababu angeuliza vipi maana ya daftari lililoliwa na panya.

Nilifunga mdomo. Nikachukua kalamu nyekundu, nikaongeza koma mbili, nikasahihisha jina la chumvi moja lililokosewa herufi. R nikaiacha ilivyo. U nikaiacha ilivyo.

"Kuna kingine?" akauliza.

"Hakuna, Dokta."

Sitasema nilikuwa na uchungu wiki zile. Nilikuwa na furaha. Niliamka nayo, nikaoga nayo, nikawakatia vyura maini nikiimba. Jumapili moja mchungaji alihubiri kwamba kisasi ni cha Bwana, na mimi nikakaa pale nikiwaza kwamba Bwana ana mashauri mengi mezani, hili dogo ningemsaidia. Nilichokuwa nangoja kilikuwa wazi kwangu: asimame mbele ya watu na kazi yangu mkononi, na kazi hiyo imwume.

Mara moja tu nilikaribia kumwambia. Alikuwa ametoka kwao na mkungu wa ndizi, akanigawia upande wa kumpelekea mama, akauliza nyonga inaendeleaje. Aliuliza kama mtu wa nyumbani. Nilianza kusema, Dokta, kuhusu lile bango. Akanikatiza kwa upole, akasema najua unawaza juu ya ule uzamili, hebu tuusogeze mwaka ujao, nitakutafutia mada inayokufaa zaidi, kwa mfano lishe ya vyura. Nikamshukuru kwa ndizi.

Siku ya kongamano ukumbi ulijaa. Kwa kuwa tangazo lilitaja miraa, wafanyabiashara kadhaa walikuja kutoka Kangeta, wamevaa makoti mazuri, wakakaa nyuma wamefumbata mikono. Walitaka kujua kama leo wanasifiwa au wanatukanwa. Mimi niliketi ukutani karibu na mlango, mahali pa watu wa chai. Dokta alizungumza vizuri, sitamnyima. Alieleza utando, volti na mkondo mpaka wale wa Kangeta wakatikisa vichwa. Alipofika kwenye michoro alielekeza kijiti kwenye R, akasema hapa, kwa mara ya kwanza, tunaona kipokezi cha miraa. Watu walipiga makofi. Mkuu wa kitivo alipiga makofi akiwa amesimama.

Mgeni rasmi alikuwa profesa mmoja mama, mtu mzima, wa chuo kingine, aliyekuwa amepima mayai ya vyura kabla nusu yetu hatujazaliwa. Alingoja makofi yaishe ndipo akauliza swali fupi. Mayai yaliyodungwa maji yalijibuje?

Dokta alisema ya U yalinyamaza. Profesa akasema amesikia, lakini U hayakudungwa, yeye anauliza ya maji. Sindano yenyewe inaweza kulisumbua yai. Lazima kuna ya maji, hakuna fundi wa maana anayesahau ya maji. Yako wapi kwenye bango?

Dokta aligeuka akalitazama bango kama ameliona leo. Akapekua karatasi. Niliona shingo yake ikibadilika rangi, na nitasema kweli, sikutaka dakika ile iishe. Kupanda mchongoma kulikuwa kumemwendea vizuri sana, sasa alikuwa anatafuta pa kuweka mguu. Mwishowe akafanya nilichojua angefanya. Akasema upimaji wenyewe haukufanywa na yeye. Akanyoosha kidole mlangoni.

"Hizi data ni za anti pale. Kama kuna kitu inakosekana, ni yeye hakuandika vizuri."

Kwa hiyo ilibidi yafike hapo ndipo zitajwe kuwa zangu. Ukumbi mzima uligeuka. Nilisimama, nikajinyoosha sketi.

"Ni kweli, ni zangu," nikasema. "Na ya maji yameandikwa. R ni ruuji."

Wa Kangeta ndio waliocheka kwanza. Walicheka kicheko kikubwa cha watu waliokuwa wamechoka kutoelewa na sasa wameelewa kitu, kisha wakawaelezea wa mbele, na kicheko kikashuka safu kwa safu mpaka kwa mkuu wa kitivo. Profesa hakucheka. Aliniuliza U ni nini, nikamwambia ni ujumbe, ndiyo yaliyopewa kipokezi, na hayakujibu. Akavua miwani. Akamwambia Dokta, kwa sauti ya kawaida, kwamba basi bango lake linasema kinyume cha kazi yenyewe. Maji yalikuwa yamezidi unga, na kila mtu aliyekuwa ukumbini aliyaona.

Watu walipotoka kwenda kula, Dokta alinifuata kwenye korido. Hakupandisha sauti. Alisema kwa lugha ya nyumbani, mbona hukuniambia.

"Uliniuliza koma, Dokta," nikamjibu.

Kamati iliundwa. Iliniuliza nilijua lini, na mimi sikuona haja ya uongo wakati ukweli ulikuwa mtamu hivyo, nikasema tangu siku ya kusahihisha bango. Wakaandika. Yeye alinyang'anywa maabara na kupandishwa cheo kukafutwa, akaachiwa kufundisha wa mwaka wa kwanza. Mimi waliona nami nilikosea, niliacha uongo usimame mbele ya wageni huku nikiujua, na mkataba wangu ulipoisha hawakuutia sahihi mwingine. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na sikumwomba mtu aniambie. Kilichoniuma ni vyura. Maabara ilifungwa na agizo likaja kwamba wamalizwe, na hakuna mwingine aliyejua jinsi ya kuwamaliza bila mateso. Niliwatilia ile dawa ya kulaza, nyingi, tangi baada ya tangi, nikawashika mmoja mmoja mpaka moyo usimame. Siku hiyo nililia. Kwa ajili yake sijawahi.

Yule profesa alikuwa amenipa anwani. Nilimwandikia habari za koti, kurasa nne. Alijibu kwa heshima, akaniita mwenzangu, akasema anaona ninachokisema na kingefaa kuchapishwa na kurudiwa. Lakini kazi ilifanywa katika maabara ya mtu, kwa kibali cha mtu, na bila sahihi ya aliyekuwa mkuu wa mradi hakuna jarida litakaloigusa. Mkuu wa mradi ni yeye. Niliikunja barua nikaiweka.

Sasa ninatunza maabara ya shule ya sekondari upande wa Embu, chupa za asidi na mifupa ya plastiki. Mama amefariki. Juzi, siku ya soko, nilikuwa Runyenjes, boda boda zikishusha magunia ya kabichi, nikasikia mtu ananiita madam. Nilitazama kando nimwone huyo madam. Alikuwa Dokta, amepungua, amebeba mfuko wa parachichi.

Tulisalimiana kama watu wa nyumbani wanavyolazimika kusalimiana. Alinipa pole ya mama, akasimama pale akihamisha mfuko kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Kisha akasema kuna jambo halimpi usingizi. Alikuwa ameirudia michoro ile nyumbani, mmoja mmoja, mara nyingi. Mkondo ulikuwa wa kweli. Haukuwa kelele ya mashine wala uchafu.

"Ile maji ilijibu kwa nini?" akaniuliza.

Lilikuwa swali la kwanza la kweli aliloniuliza tangu tujuane. Akaendelea haraka, kabla sijasema. Alisema anajua mimi ninajua. Alisema nimweleze tu, tuandike, atatia sahihi popote, jina langu mbele, la kwake hata lisiwepo.

Nilikuwa na jibu lote mdomoni. Koti, vijitundu, masikio ya kuzaliwa. Soko zima halikuwa na mtu mwingine ambaye ningeweza kumwambia nikaona uso wake ukibadilika, na nilitaka kuuona, Mungu anajua nilivyotaka. Nilimtazama. Macho yake yalikuwa ya mtu aliye na njaa.

"Sijui, Dokta," nikasema.

Alijua ni uongo. Akasema asante, madam, akageuka akaingia kati ya magunia. Nilinunua kabichi mbili na vitunguu, muuzaji akaniambia nichague vizuri, sikuchagua.